Kabati la chakula nje ya geti langu: nahitaji kibali cha nani?

SWALI: "Naishi Moshi, kwenye nyumba yetu wenyewe. Mwezi uliopita nilimpa seremala kazi ya kunitengenezea kabati dogo la mbao lenye milango ya kioo, nikaliweka nje kidogo ya geti. Anayetaka anaweka chakula, mwenye shida anachukua, na hakuna anayeulizwa kitu. Wazo hili nililiona kwenye video ya Marekani. Watu wamelipokea vizuri. Nakuta unga, maharage, ndizi, parachichi, na jioni wengine wanaleta wali kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko. Sasa mwenyekiti wa mtaa amepita akasema niliondoe mpaka nipate kibali, ila hakusema kibali gani. Mume wangu anasema kiwanja kina hati, hakuna wa kutupangia. Jirani ananiambia siku mtoto wa mtu akiharisha nitafungwa. Kwenye ile video walisema ipo sheria inayomlinda anayetoa chakula kwa nia njema. Nani yuko sahihi? Naogopa, lakini sitaki kulivunja kabati."

JIBU:

Dada yangu, hongera, na pole kwa usumbufu. Hao wote waliokushauri kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na kila mmoja amekosea mahali. Nimefanya kazi ya afya ya mazingira kwenye halmashauri kwa miaka mingi, na nikuambie mapema kwamba katika maelezo yako yote kilichonishtua si kibali. Ni lile bakuli la wali wa jioni. Nitalifikia, lakini kwanza tumalizane na mambo ya ardhi na sheria, kwa sababu hayo ndiyo yanayokunyima usingizi.

Mume wako anasema mna hati. Vizuri, lakini hati si ukuta wa ngome. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Hati inawapa haki ya kumiliki na kutumia kiwanja kwa masharti, na mojawapo ni matumizi yaliyoandikwa humo, kwenu bila shaka makazi. Kugawa unga bure hakugeuzi makazi kuwa biashara, kwa hiyo hapo mume wako ana hoja. Anapokosea ni kudhani hati inamzuia bwana afya kugonga geti. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa aliyeidhinishwa mamlaka ya kuingia, kukagua, kutoa notisi ya kuondoa kero inayohatarisha afya, na kukamata chakula kisichofaa kuliwa na binadamu. Sheria hiyo haitofautishi kero iliyo kwenye kiwanja chenye hati na ile iliyo kwenye kiwanja kisichopimwa.

Halafu umeandika "nje kidogo ya geti". Maneno hayo matatu, manne ndiyo yanayompa mwenyekiti nguvu. Nje ya geti mara nyingi ni nje ya bikoni, yaani alama za mpaka wa kiwanja, na nje ya bikoni ni hifadhi ya barabara. Barabara nyingi za mitaani zinasimamiwa na TARURA, zile kuu na za mkoa na TANROADS, na kitu chochote kinachowekwa ndani ya hifadhi bila ruhusa kinaweza kuondolewa, kiwe kibanda cha chipsi au kabati la sadaka. Ubishi huo hutaushinda, usiuanze. Tafuta bikoni zenu, pima, kisha lirudishe kabati ndani ya mstari. Kama ukuta wenu umejengwa pale pale mpakani, kuna watu wanaowaza kutoboa dirisha ukutani ili kabati likae ndani na mlango utazame barabarani. Ni ubunifu mzuri, lakini kubomoa na kujenga ukuta ndani ya mji ni jambo la kuuliza kwanza ofisi ya mipango miji na mhandisi wa manispaa. Njia rahisi zaidi ni kulirudisha geti lenyewe nyuma hatua moja, au kuliweka kabati ndani na kuacha geti dogo wazi saa fulani za mchana.

Sasa kibali chenyewe. Leseni ya biashara hudaiwa kwa biashara, na wewe huuzi. Hapo usiwe na hofu. Lakini ikitokea mtu ameweka kikopo cha "changia chochote", au duka fulani limeleta unga kwa sharti la kubandika jina lake kubwa juu ya kabati, mambo yanabadilika. Bango lenye jina la biashara linaweza kuhesabiwa kuwa tangazo na kudaiwa ada, na fedha inayokusanywa kwa watu inahitaji mtu wa kuitolea hesabu. Kabati lako libaki la chakula tu.

Kuna pia sheria ndogo za halmashauri, na hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa. Mwenyekiti wa mtaa ni kiongozi uliyemchagua, anayo haki ya kulinda usalama na usafi wa mtaa wake, lakini hatungi sheria kwa mdomo. Sheria ndogo hutungwa na halmashauri, wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni, waziri huidhinisha, ndipo hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo una haki ya kumuuliza kwa heshima: "Mwenyekiti, ni sheria ndogo ipi, na nakala naipata wapi?" Na kama mtu yeyote atakutoza faini, ilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali na upate risiti. Pesa ya mkononi bila risiti si faini.

Nasema "kwa heshima" kwa makusudi. Wewe ni mkazi wa Moshi, mji ambao umejijengea jina kwa usafi na ambao hauchezi na anayetupa taka ovyo. Mwenyekiti anapoliona kabati haoni sadaka kwanza. Anaona maganda ya ndizi chini, mfuko uliopasuka, kunguru na panya, na afisa afya wa kata akimuuliza yeye. Ukimwendea ukiwa na mpango wa usafi mkononi badala ya hoja ya hati, mazungumzo yatakwenda kwingine kabisa. Muombe alilete suala hilo kwenye kikao cha mtaa, au akuandikie barua ya utambulisho kwenda kwa mtendaji na afisa afya wa kata. Barua hiyo si kibali kwa maana ya sheria, ila siku akija mgeni wa manispaa na kukuta kabati, utakuwa na kitu cha kumwonyesha.

Jirani yako na gereza lake. Amezidisha, ila hajatunga. Mashtaka ya jinai hayaanzi kwa sababu tu mtoto ameharisha. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inagusa vitendo vya uzembe vinavyoweza kueneza ugonjwa hatari, na mwendesha mashtaka lazima athibitishe uzembe huo. Aliyeacha chakula anachojua kimeharibika, akakaa kimya watu wakichukua, yuko mahali pabaya. Aliyekagua, akaondoa, akaandika kwenye daftari, yuko mahali tofauti sana.

Upande wa madai, yaani mtu kukudai fidia mahakamani, ndio wenye uzito zaidi. Sheria yetu ya madhara ilirithi kanuni za Kiingereza, na mojawapo inatokana na kesi maarufu ya mwaka 1932 ya Donoghue dhidi ya Stevenson. Mwanamke mmoja huko Paisley, Uskoti, alikunywa kinywaji cha tangawizi alichonunuliwa na rafiki yake, na akadai kwamba ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza. Yeye hakununua kitu, hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Hata hivyo mahakama ilisema mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa yule ambaye mtengenezaji huyo angeweza kutazamia kwamba ataathirika. Unaona inavyokuhusu: kutouza hakukuondolei wajibu. Ukialika watu wachukue chakula kwenye kabati lako, unatarajiwa kuwa na uangalifu wa kawaida wa mtu mwenye busara. Si uangalifu wa kiwanda, lakini si sifuri.

Na ile sheria ya kwenye video ipo kweli. Ni sheria ya shirikisho la Marekani ya mwaka 1996, na ni ya Marekani, haivuki bahari. Hata huko kwao, jinsi ilivyoandikwa mwanzoni, ilimlinda anayetoa chakula kupitia taasisi isiyo ya faida inayowagawia wahitaji, na haikumlinda mwenye uzembe mkubwa. Haikuwa blanketi la kumfunika kila mwenye kabati getini. Harakati za makabati zenyewe zilianza baadaye, mwaka 2016, pale Jessica McClard alipoweka kabati la kwanza la aina hiyo mjini Fayetteville, jimbo la Arkansas, kwa kuiga visanduku vya vitabu. Kwa hiyo usimwambie mwenyekiti kwamba sheria inakulinda. Atakuuliza ipi, na utabaki huna jibu.

Turudi kwenye wali.

Watu wengi wanaamini kwamba chakula kilichopikwa kikaiva hakina madhara, na kwamba kikilala unakipasha moto mambo yanaisha. Kwa wali imani hiyo ni ya hatari. Mchele mkavu huja na mbegu za kijidudu kinachoitwa Bacillus cereus, na kuchemsha hakuziui mbegu hizo. Zinanyamaza tu ndani ya sufuria. Wali ukiepuliwa na kuachwa upoe polepole, zinaamka, zinaanza kuzaana, na baadhi yake hutoa sumu ndani ya wali wenyewe. Sumu ile haiharibiwi na kupasha moto. Ndiyo maana mtu anakula kiporo kilichochemka vizuri na bado anatapika saa chache baadaye, halafu analaumu mafuta.

Joto ndilo linaloamua. Kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi vijidudu vingi vya chakula vinakua, na vikipata joto zuri vinaweza kuongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Piga hesabu: kimoja kikianza saa kumi jioni, kabla ya saa tano usiku vimepita milioni moja. Sasa fikiria kabati lako lenye vioo, Moshi, mwezi wa Januari au Februari, jua la mchana likipiga usoni mwa kioo. Ndani mle ni joto kuliko kivulini, unyevu umefungwa na mfuniko wa bakuli, na hakuna anayejua wali ulipikwa saa ngapi. Mwenzako wa Arusha, aliye kwenye mwinuko wa kama meta 1,400, ana nafuu ya ubaridi kidogo, ila nafuu hiyo haifiki nyuzi 5.

Mchuzi wa maharage, nyama, samaki, mayai ya kuchemsha yaliyomenywa, mtori, maziwa, vyote viko kwenye kundi hilo. Kande pia, najua zinapendwa, lakini mahindi na maharage yaliyolowa maji ya kutosha ni karamu ya vijidudu. Na mpishi mwenye mkono wenye kidonda anaweza kuacha bakteria wengine wanaotoa sumu isiyosikia moto. Katika mgahawa tunaweza kudhibiti hilo kidogo, kwa sababu wapishi hupimwa afya na jiko linakaguliwa. Kwenye kabati la getini hujui hata aliyeweka ni nani.

Usisahau pia kwamba tumewahi kupata milipuko ya kipindupindu, na ule ulioanza mwaka 2015 ulifanya halmashauri mbalimbali zizuie uuzaji wa vyakula vilivyopikwa kwenye maeneo ya wazi. Siku tangazo kama hilo likitoka kabati lenye vyakula vilivyopikwa litakuwa la kwanza kunyooshewa kidole, na kwa haki.

Kwa hiyo ushauri wangu hauna kona: chakula kilichopikwa kisiingie kwenye kabati. Hata cha jirani mnayeaminiana, hata cha sherehe ya ubatizo kilichobaki sufuria mbili. Mtu mwenye wali wa ziada amtafute mwenye njaa ampe mkononi, kikiwa cha moto, kiliwe hapo hapo. Hiyo desturi tunayo tangu zamani na haihitaji kabati.

Vikavu navyo vina lake. Unga wa mahindi na karanga vikiwa na ukungu vinaweza kuwa na sumukuvu, inayotokana na kuvu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Upishi wa kawaida hauiondoi, kukausha juani hakuiondoi, na unga ukishasagwa jicho halitaona kitu. Pokea unga ulio kwenye mfuko wake wa dukani, haujafunguliwa, una nembo ya TBS na tarehe haijapita. Ule wa kupimwa kwenye ndoo au uliofungwa upya kwenye vifuko, hapana. Mifuko ya plastiki ya kubebea, kumbuka, imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na itakuwa aibu kukamatiwa sadaka. Karanga mbichi zilizosinyaa au zenye rangi ya ajabu zitupe, usimpe hata kuku. Chumvi, sukari, majani ya chai, maharage makavu, mchele mkavu, ndizi mbichi, parachichi zisizopasuka, viazi, vitunguu: hivyo ndivyo chakula cha kabati. Dawa za hospitali zisiwekwe kamwe, na maziwa ya kopo ya watoto wachanga yana kanuni zake, mama mwenye shida hiyo aelekezwe kliniki.

Kuna watakaokushauri kuleta friji la zamani ili kuokoa vyakula vilivyopikwa. Umeme ukikatika mchana kutwa, hilo friji linakuwa kabati la joto lenye mlango mzito. Hata Berlin, Ujerumani, ambako umeme haukatiki ovyo, mwaka 2016 mamlaka za chakula zilizozana na wenye friji za namna hii, zikitaka ajulikane mtu anayewajibika kwa kila friji. Naelewa kwa nini wale vijana walikasirika. Lakini swali la mamlaka lilikuwa sahihi, na ndilo nitakalokuuliza na wewe: chakula kikiwa ndani ya kabati na mwenye kukiweka ameshaondoka, nani anakiangalia?

Kwa sasa jibu ni wewe peke yako, na utachoka. Tafuta wenzako wawili au watatu, mgawane siku. Asubuhi mmoja anafungua, anatoa vilivyooza, anafuta rafu kwa maji ya sabuni, anaandika kwenye daftari tarehe na alichotupa. Usiku kabati linafungwa kwa kufuli. Juu yake bandika karatasi ya Kiswahili cha wazi: vinavyopokelewa, visivyopokelewa, na namba ya simu ya kupiga ukiona kitu kibaya. Weka miguu ya kabati juu, kama nusu meta kutoka ardhini, na mwagia majivu chini kwa ajili ya sisimizi. Paa lake litokeze mbele, maana masika ya Machi hadi Mei hayana huruma na mbao. Vioo vitazame upande usiopigwa na jua, au vipake rangi nyeupe. Kama mna tumbili karibu, kitasa cha kusukuma hakitoshi, weka komeo. (Nimemwona mmoja akifungua kabati la jikoni kwa utulivu kuliko mwanangu.)

Niwe mkweli, kabati si njia pekee, na kwa mitaa mingine si njia bora. Lina uzuri mmoja mkubwa, halimuaibishi mtu. Anayeona haya kuomba anapita jioni na kuondoka na kilo ya sembe. Lakini ipo njia ambayo mimi naipenda zaidi, nayo ni kwa Mangi. Wewe na wenzako mnaweka pesa kidogo kwenye duka la jirani, mwenye duka anaandika kwenye daftari lake, na mama mwenye shida anakwenda dukani kama mteja mwingine yeyote na kupewa mchele au mafuta. Chakula hakikai juani, tarehe zinaangaliwa na mtu mwenye leseni, panya ni wa Mangi si wako. Kasoro yake ni kwamba lazima mumwamini Mangi, na lazima mtu aamue nani anapewa, jambo ambalo kabati halikulazimishi. Kupeleka kwenye msikiti au kanisa kunasaidia usimamizi, ila wapo wasio wa dini hiyo ambao hawataingia getini hata wakilala njaa. Pima mwenyewe, unaujua mtaa wako.

Sasa, wa kumwona ana kwa ana. Wa kwanza ni afisa afya wa kata. Mpelekee picha ya kabati, orodha ya vyakula na hilo daftari, umuombe aje akague na aandike maoni yake. Mwaliko wako utamshangaza, kwa kawaida tunaitwa mambo yakishaharibika. Ukipewa notisi ya maandishi, isome ni ya sheria ipi na ina siku ngapi, usiipuuze hata kama unaona umeonewa, na kama huna wakili ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kama nyumba ingekuwa ya kupanga ningekuambia uanze na mwenye nyumba, kwa maandishi.

Na mtu akisema ameumwa baada ya kula kitu cha kabati, usianze kubishana naye kama ni kweli. Funga kabati, usitupe kilichobaki, kitenge na kukifunika kwa ajili ya uchunguzi, na mjulishe afisa afya siku hiyo hiyo. Anayeharisha maji mengi, mtoto anayetapika mfululizo au aliyelegea, mwenye homa au damu kwenye choo, asisubiri dawa ya dukani. Apewe maji ya chumvichumvi ya ORS njiani huku akipelekwa kituo cha afya kilicho karibu.

Kwa wiki hii anza na mawili: kabati liingie ndani ya bikoni, na leo jioni mwenye kuleta wali umrudishe kwa upole. Kisha mpigie mwenyekiti umwambie umeshalisogeza, na umuulize lini anaweza kuja na afisa afya.